Tanuri la Geti Namba 31

Kwa miaka miwili nilivuta mzinga mkubwa kuliko nyumba ya baba yangu, na sikuwahi hata siku moja kuuona ukipigwa. Kazi yangu ilikuwa kuufikisha. Ukishafika, mimi Achille Delplanque, dereva wa treni, nilifunguliwa injini yangu na kufukuzwa nikatafute maji. Wenye mzinga walibaki wakibomoa ngome za Wajerumani huku mimi nikisikiliza madirisha ya kituo yakitetemeka. Kwa hiyo usinitegemee kwa habari za ushujaa. Ninachokijua ni kona, madaraja na breki, na habari ya tanuri moja la mkate.

Askari waliuita mzinga wetu Bibi Harusi. Hatoki mpaka njia ifagiliwe. Akitoka huenda polepole kana kwamba hataki kufika, na nyuma yake kuna msururu wa mabehewa ya vikorokoro vyake: mizinga ya akiba hapana, lakini makombora, winchi, magogo, jiko, na kitanda cha Kapteni. Alikuwa na uzito wa tani mia na sitini juu ya ekseli kumi na mbili. Mtu mwenye mguu mbovu angeweza kutupita akapata na nafasi ya kutucheka. Kila baada ya saa moja tulisimama ili Casimir, mchochea makaa wangu, ashuke na kopo la mafuta apapase ekseli moja moja kuona ipi imepata joto. Madaraja tuliyavuka tukiwa tumebana pumzi. Casimir alivua kofia kila daraja, na mimi nilimtukana kila daraja, na hivyo ndivyo tulivyovuka yote salama. Nilimpenda yule Bibi Harusi. Kitu kikikusumbua kila siku na bado hukiachi, utakiitaje kama si mapenzi?

Sasa niseme ukweli, maana niliyemkosea ameshanisamehe. Mwezi Novemba mwaka 1917 tuliamriwa kumpeleka Bibi Harusi karibu na mstari wa mbele, na njia zilikuwa mbili. Moja ilizunguka bondeni, ndefu, imenyooka. Nyingine ilipita Saint-Aubrin, fupi, yenye kona moja kali. Kapteni Vimard akanituma wiki moja kabla nikazipime zote mbili. Sisi watu wa reli tuna namna yetu ya kupima. Unatengeneza fremu ya mbao yenye upana na urefu wa mzigo wako, unaizungushia vijiti vya mti laini pembeni, unaifunga juu ya behewa, unaisukuma taratibu njia nzima. Kijiti kikivunjika, hapo mzigo utagonga. Nikaipitisha fremu yangu Saint-Aubrin, hakikuvunjika hata kijiti kimoja, nikaandika: "Njia iko wazi." Ile ya bondeni sikuikanyaga kabisa.

Kwa nini? Kwa sababu kwenye ile kona ya Saint-Aubrin kuna geti namba 31, na kwenye geti namba 31 anakaa Zélie Capron.

Zélie ndiye aliyekuwa akifunga na kufungua geti pale barabara inapokata reli, na shirika lilimpa kajumba kadogo, hatua mbili tatu kutoka relini. Mumewe, marehemu Théodule, alikuwa fundi wa genge la reli, wale wanaotengeneza njia. Ndiye aliyemjengea tanuri ukutani, upande wa treni, likatokeza nje kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Alijenga bila ruhusa ya mtu, lakini alipima vizuri, na treni zote za enzi zake zilipita bila kuligusa. Miaka kumi na moja nilipita pale nikipiga filimbi mara mbili fupi, naye akatoka na bendera yake. Injini ikipita polepole alinirushia kipande cha mkate cha moto. Alifiwa na mume, mimi nikafiwa na mke. Kwa miaka minne nilikuwa na neno la kumwambia, nikafika na neno langu hadi kwenye kona, nikapiga filimbi, nikaondoka nalo. Mwanamume wa miaka hamsini na miwili, naogopwa na vijana wote wa kituoni!

Lakini mkate wa Zélie haukuwa wangu. Ulikuwa wa Émilien, mwanawe wa pekee, aliyetekwa mwezi wa kwanza wa vita na kufungiwa kambini Ujerumani. Kule walilishwa supu ya turnipu, na siku ya sikukuu turnipu bila supu. Zélie alikusanya unga kwa wiki tatu, akaoka Alhamisi, akaukata ule mkate na kuuoka tena mpaka ukauke, Ijumaa akafunga kifurushi. Kifurushi kilichukua mwezi mzima njiani. Kila barua ya Émilien ilisema maneno yaleyale: "Mama, asante. Mikate minane imefika mizima. Minne ilikuwa imeota kuvu katikati." Mwandiko wake nao ulizidi kulegea kila barua, mpaka ya mwisho Zélie alinipa nimsomee, na macho yake ni mazima.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, na ukungu ulikuwa mzito mpaka sikuiona pua ya injini yangu. Kapteni alifurahi, kwani ndege za Wajerumani zisingetuona. Tulikuwa tunakaribia kona ya 31 niliposikia fataki za reli zikilipuka chini ya magurudumu: pa, pa, pa. Tatu. Maana yake ni simama hapo hapo. Nikakaza breki, Bibi Harusi akanisukuma mgongoni kwa tani zake zote, tukateleza, tukasimama. Mbele yetu, katikati ya reli, alikuwa amesimama Zélie na bendera nyekundu, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

"Achille!" akapiga kelele. "Ni wewe uliyesema hili dude litapita hapa?"

"Ni mimi. Nimepima."

"Umepima na nini, na macho yako ya kuangalia chungu cha watu? Shuka uone!"

Nikashuka. Kapteni Vimard naye akaja mbio, koti limefunguka vifungo. Alikuwa mtu mpole, mwalimu wa hesabu kabla ya vita, ila ukimsimamishia mzinga wake aligeuka simba.

"Mama, unajua unasimamisha nini?" akasema.

"Najua. Na wewe ukinyamaza utajua kwa nini nimeisimamisha." Zélie akatupeleka hadi kwenye tanuri akatuonyesha. Chokaa ilikuwa imekwanguliwa mstari mrefu, mpya. "Jana limepita behewa refu la magogo. Limenilamba ukuta. Na hilo lenu si ni pana zaidi?"

Mzee Hilaire Obry, msimamizi wa genge la reli la pale, alikuwa ameshafika na kiko chake mdomoni. Akautazama mkwaruzo, akanitazama mimi.

"Achille, mwanangu, ile fremu uliifunga kwenye behewa gani?"

"Lile la kokoto."

"Lile fupi?"

Nilihisi masikio yananiwaka. Mzee Hilaire akatoa kiko mdomoni ili acheke vizuri.

"Bwana Kapteni," akasema, "behewa fupi linakunja kona bila shida. Lakini refu, miguu yake ya mbele na ya nyuma iko relini, tumbo linakata kona kwa ndani. Bibi Harusi wenu ana tumbo. Litaingia hadi hapa." Akaweka kiganja chake juu ya tanuri, shubiri nzima kutoka ukingoni. "Mtoto wa mwaka wa kwanza relini anajua hilo. Huyu ana miaka thelathini kazini."

Miaka thelathini, na alisema kweli. Siku ile napima, nilikuwa nafikiria nitakachomwambia Zélie nikifika getini. Behewa la kokoto ndilo lililokuwa karibu, nikalichukua, basi.

Kapteni akatoa saa yake. "Hatuwezi kurudi nyuma kilomita ishirini na mzigo huu. Ukungu utaondoka kabla ya saa sita, na ukiondoka tuko hapa wazi, watu themanini na makombora mabehewa mawili. Samahani, Mama. Sajini! Nyundo sita. Bomoeni hilo tanuri."

Zélie hakupiga kelele tena. Alienda akasimama, mgongo ukutani, mikono ya unga imekumbatia matofali kwa nyuma. "Lina moto ndani," akasema. "Nimeliwasha tangu alfajiri. Unga wangu umeshaumuka, wiki tatu nimeukusanya, kikombe kwa kikombe. Huyo mtoto anakula nini mkinivunjia?"

Wale askari wenye nyundo walisimama. Nusu yao walikuwa wameshakula mkate wa mama yule siku walizopita pale kwa treni, na wote walikuwa na mama. Miaka minne nina neno la kumwambia Zélie, na lililotoka halikumwelekea yeye kabisa.

"Tusogeze reli," nikasema.

"Nini?" akauliza Kapteni.

"Tanuri halisogei. Reli inasogea. Mzee Hilaire huisogeza kila mwaka ikipinda. Tuisukume nje shubiri moja na vidole vinne, tupite."

Mzee Hilaire akatazama genge lake: wanawake watano waliovaa suruali za waume zao walioko vitani, na wazee wawili wenye kikohozi. "Mimi na jeshi hili? Mpaka kesho kutwa."

"Na askari arobaini?"

Akakitafuna kiko kidogo. "Mitaimbo ninayo kumi na minane. Wengine wapewe magogo. Bwana Kapteni, nipe mpaka saa tano."

Kapteni alitazama nyundo, akamtazama Zélie, akatazama juu ambako ukungu ulikuwa bado mzito. "Saa tano," akasema. "Ikipita dakika moja, ni nyundo."

Sijawahi kuona kazi kama ile. Tulizoa kokoto pembeni mwa mataruma kwa majembe, kwa makarai, wengine kwa kofia za chuma. Wapiga mzinga walijipanga kando ya reli, mitaimbo chini ya chuma. Mzee Hilaire akalala kifudifudi kule mbele, shavu juu ya reli, jicho moja limefumbwa, akiona mstari ulivyonyooka, na kutoka chini kule akatoa sauti ambayo usingedhani inatoka kwenye kifua kile:

"Haya, wanangu! Mkononi... kiunoni... kaza!"

"Kaza!" sote tukajibu, na reli ikasogea upana wa kidole.

"Mnaibembeleza? Imelala na mtu? Kaza!"

"Kaza!"

"Wewe mwenye miwani, huo ni mtaimbo, siyo kalamu! Kaza!"

Mwenye miwani alikuwa Kapteni. Alikuwa amevua koti na kushika mtaimbo katikati yangu na mwanamke mmoja mnene aitwaye Ludivine, ambaye alimwambia asukume kwa makalio na siyo kwa elimu. Akasukuma. Tulipofika kidole cha tisa viganja vyangu vilikuwa vinatoa damu. Kila nikiinua kichwa nilimwona Zélie mlangoni, akitutazama, kisha akigeuka kwenda kupapasa unga wake uliokuwa unafura vikapuni.

"Zélie, subiri kidogo," nikamwambia. "Usiingize mkate bado."

"Unga haunisubiri mimi, utakusubiri wewe? Ukizidi kuumuka unachacha." Saa nne na nusu akafagia majivu, akaingiza mikate yote kwa mti wake mrefu, akafunga mlango wa tanuri.

Saa tano kasorobo Mzee Hilaire akainuka, akajipangusa tumbo. Safari hii tuliipima njia kwa uzi na kwa fimbo, mara mbili, na mimi ndiye niliyeshika fimbo. Bibi Harusi angepita, na kati ya tumbo lake na tanuri pangebaki nafasi ya kiganja kilicholazwa. Nilitaka kuruka kwa furaha. Hapo ndipo tukasikia mlio juu, mwembamba, kama wa nyuki kwenye chupa. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka na jua lilionekana.

"Treni iende," akasema Kapteni. "Sasa hivi."

Zélie akamshika mkono. "Mwanangu, nusu saa tu. Mkate umeingia sasa hivi, haujashika. Ukitikiswa sasa unaanguka wote."

"Mama, hiyo ni ndege."

Akaelewa. Aliachia mkono wa Kapteni akanitazama mimi. "Pita taratibu, Achille," akasema. Hakusema kwa hasira, na afadhali angesema kwa hasira.

Nikapanda. Niliifungua injini kwa unywele, mvuke kidogo, kidogo, Casimir amevua kofia ingawa hakukuwa na daraja. Nilipita taratibu kadiri mwanadamu awezavyo kupita na tani mia na sitini juu ya kokoto mpya ambazo hazijakaa. Reli ililia, ikazama, ikainuka. Vyombo vilianguka ndani ya kajumba, nikavisikia. Zélie alisimama kwenye kona ya nyumba, ameweka viganja vyote viwili juu ya tanuri kama unavyomshika mtoto mwenye degedege, akakaa hivyo mpaka ekseli ya kumi na mbili ikapita. Ndege ilizunguka mbali ikaenda zake. Tanuri lilibaki zima, hata tofali moja halikudondoka.

Mkate ulianguka wote.

Niliambiwa na Ludivine baadaye. Zélie alipofungua mlango wa tanuri alikuta mikate kumi na miwili imelala bapa kama vigae, migumu, haina hata tundu moja la hewa. Alikaa chini sakafuni akalia. Kisha akainuka, akaioka mara ya pili kama kawaida, kwa sababu unga mwingine hakuwa nao. Iliingia yote kwenye kisanduku kimoja na nafasi ikabaki. Akaipeleka posta bila kuandika neno.

Wiki tisa nilipita geti namba 31 nikipiga filimbi mara mbili fupi. Bendera ilitoka, mkate haukutoka, na uso aliugeuzia upande wa barabara. Nilijuta nikakonda. Casimir alianza kunihurumia, akaniletea soseji ya mkewe, na mtu akianza kuhurumiwa na Casimir ajue amefika pabaya. Bibi Harusi alikuwa mbali mstari wa mbele, na mimi nilirudishwa kuvuta makaa ya mawe. Niliikanyaga ile kona mpya kila siku, treni ikayumba kidogo pale tulipoisukuma, na kila ikiyumba moyo wangu uliyumba nayo. Mtoto wa watu alikuwa anakula vigae kwa sababu mimi nilifunga fremu kwenye behewa la karibu.

Alhamisi moja mwezi wa Januari, jua kali, theluji chini, nikasikia fataki. Pa, pa, pa. Nikakaza breki mpaka makaa yakamwagika. Zélie alikuwa katikati ya reli na bendera nyekundu.

"Kuna nini? Reli imekatika?"

"Kuna barua."

"Umesimamisha treni ya serikali kwa ajili ya barua?"

"Nyamaza usikilize." Akaifungua, akasoma kwa sauti, mwenyewe: "Mama, safari hii umefanya nini? Mkate umekuja bapa, tukacheka hapa chumba kizima. Kisha tukaukagua. Mama, yote kumi na miwili ni mizima. Umekauka mpaka ndani, kuvu haikupata pa kukaa. Tunauloweka kwenye supu, unavimba, tunashiba. Nimepata nguvu, siku hizi natembea mpaka uzioni na kurudi. Mama yangu, tafadhali, usioke tena ule mkate mzuri. Oka huu."

Casimir alikuwa analia waziwazi, machozi yanachora njia kwenye masizi. Mimi nilijifanya natazama saa ya mvuke.

"Nimejaribu kuuangusha mwenyewe," Zélie akasema. "Nimegonga tanuri kwa ufagio, nimerukaruka sakafuni, hauanguki sawasawa. Achille, Alhamisi saa nne na nusu unapita hapa?"

"Napita."

"Basi pita kwa kishindo."

Nikapita kwa kishindo. Kila Alhamisi ya tatu, hata baada ya vita kuisha, nilikusanya mabehewa mazito kuliko yote ya kituoni, nikaingia kona ya 31 na kukaza breki na kuachia, kukaza na kuachia, mpaka vigae vya paa vikacheza. Wakubwa waliniandikia barua tatu za onyo kuhusu uendeshaji wangu. Niliziwashia kiko cha Mzee Hilaire. Na Zélie alinirushia kipande changu, bapa, kigumu cha kuvunja jino, na sijawahi kula kitu kitamu vile.

Kisha ikafika Alhamisi moja ya mwezi wa Februari mwaka 1919. Nilikuwa na mabehewa thelathini ya mawe, nimeshajiandaa na breki mkononi, nikamwona Zélie ametoka mapema. Hakushika bendera nyekundu wala ile iliyokunjwa ya treni inayopita salama. Alikuwa ameinua ile ya kijani, ambayo kwetu siku hizo maana yake ilikuwa: punguza mwendo.

"Taratibu, Achille!" akapiga kelele, anacheka huku analia. "Leo pita taratibu! Mkate umo ndani!"

Nyuma yake, ameegemeza mgongo kwenye tanuri kuupata ule moto, alikuwa amekaa kijana mwembamba, kichwa kimenyolewa, koti la kijeshi kubwa mno kwake. Akaniinulia mkono.

Nikafunga mvuke. Nilipita pale polepole kuliko nilivyowahi kupita na Bibi Harusi mwenyewe, na neno langu la miaka yote ile nikalisema kwa sauti kupitia dirishani, Casimir akisikia, mtoto akisikia. Zélie akanijibu nikishuka zamu nije kula, mkate utakuwa umeumuka.